Msaada wakuu: nalala chali, narusha miguu, lakini sisimami

Kiunzi
Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kwa wazoefu wa sarakasi. Kuna ile mtu analala chali, anakunja miguu mpaka magoti yanakaribia uso, viganja kando ya masikio, kisha anajirusha na kutua kwa nyayo. Zamani nilikuwa naiweza pale Coco Beach. Sasa wiki ya pili hii nasogeza makochi, natandika godoro sebuleni, nikijirusha naishia kwa makalio, puu! Kuna shughuli Jumamosi ya wiki ijayo na nimeshaahidi. Nakosea wapi?

Tunatoka Mbali
Naweka kambi hapa, wataalamu wanakuja.

Fundi Viungo
Nafundisha vijana sarakasi. Nahisi unarusha miguu mbele, kama mtu anayesukuma mlango. Irushe juu kwa mshazari, nyuzi 45 hivi, kiuno kikiwa kimeshanyanyuka na uzito uko mabegani, si shingoni. Viganja bapa, vidole vikielekea mabegani. Miguu ikinyooka, mikono inasukuma sakafu kwa nguvu, unapinda mgongo, halafu unaivuta miguu haraka nyayo zitue chini ya makalio. Utatua umechuchumaa, na hapo ndipo unainuka. Hilo godoro achana nalo, linameza nguvu yote ya mikono. Tafuta nyasi au mkeka mnene. Je, ukijikunja daraja, yaani tumbo juu, viganja na nyayo chini, unakaa sekunde 30? Una umri gani? Na hiyo shughuli ni ya nini?

Mama Wawili
Mimi niliona kwa macho yangu harusi ya mdogo wangu. Msimamizi alijitupa chini kwa mbwembwe, kiatu cha ngozi kikateleza kwenye vigae, akaenda na meza ya keki. Kamati ilichanga miezi mitano! Sherehe ni ya watu kula na kuombea maharusi, mengine tuwaachie wanasarakasi.

Kiunzi
Asante Fundi. Nina miaka 36. Daraja nakaa sekunde kumi. Shughuli ni harusi, na ni yangu mwenyewe. Wimbo umeshakatwa, wasimamizi wanne wananizunguka, wanafunguka, mimi naruka. MC anajua, suti imeshashonwa. Kwa hiyo msiniambie niache, niambieni namna. Samahani kwa makosa ya herufi, natumia mkono wa kushoto.

Tunatoka Mbali
Kaza mkuu. Tuliokua na mieleka tunamjua Shawn Michaels. Aliumia mgongo Januari 1998, akarudi ulingoni WWE Agosti 2002, na bado alikuwa akilala chali anaruka anasimama, ukumbi unalipuka. Sisi tulikuwa tunaangalia kwa jirani, tunalipia shilingi hamsini, tukitoka hapo tunajirusha kwenye lundo la pumba mashineni. Raha sana.

Fundi Viungo
Huyo alipumzika zaidi ya miaka minne. Mwenzetu ana siku tisa, na koti la suti litambana mabega. Ila mimi nimesimama kwenye jambo moja. Kiunzi, kwa nini unaandika kwa kushoto?

Kiunzi
Wa kulia umechoka kidogo. Turudi kwenye miguu, nyuzi 45 nazipimaje nikiwa peke yangu?

Mama Wawili
Umechoka kivipi mwanangu? Jibu swali.

Kiunzi
Jumanne godoro liliserereka nikiwa juu kwa juu. Nikatua kwa kisogo, shingo ikajikunja. Toka siku hiyo kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia vinakufa ganzi. Jana kikombe kiliniponyoka. Nimechua kwa dawa ya misuli, naona ganzi inapungua. Sikutaka kusema maana najua mtanikataza.

Mpiga Mbizi
Hii chai wakuu. Januari jamaa huyu huyu alifungua uzi hapa kuomba ushauri wa shule ya mwanawe wa kwanza, akasema mkewe anataka ya bweni. Leo ni bwana harusi? Na shingo imevunjika huku anachapa uzi? Mods wafunge.

Tunatoka Mbali
Duh. Kumbe. Na mimi nimemwaga kumbukumbu zangu zote hapa.

Kiunzi
Mpiga Mbizi, ule uzi ni wangu. Tumeishi pamoja miaka tisa, tuna watoto wawili, sasa ndio tunakwenda kanisani. Watoto wetu ndio watashika maua. Na mama yao mara ya kwanza kuniona ilikuwa pale Coco, nimelala kwenye mchanga, nikaruka nikasimama mbele yake, mgongo wote umejaa mchanga. Alicheka mpaka akakaa chini. Miaka tisa nimempa shida nyingi kuliko kicheko. Nilitaka acheke tena vile, hata mara moja.

Mpiga Mbizi
Nimekuelewa kaka. Niwie radhi.

Fundi Viungo
Iwe kweli au chai, mtu akiangukia shingo kisha vidole vikafa ganzi na mkono ukalegea, jibu langu ni hilo hilo. Usijirushe tena hata mara moja. Mshipa wa fahamu unaotoka shingoni unaweza kuwa umebanwa, na dawa ya kuchua haifiki huko. Usiende kwa mtu akakunyoosha shingo. Nenda hospitali leo, mwambie daktari ulivyoanguka. Ukiona miguu inalegea au haja inakutoka bila kujua, hiyo ni dharura, hata usiku wa manane.

Mama Wawili
Na mwenzio anajua?

Kiunzi
Hajui. Anajua nimelala vibaya.

Mama Wawili
Mwambie kabla hujatoka mlangoni. Aende na wewe.

Kiunzi
Tupo kwenye benchi nje ya chumba cha picha. Wamenifunga kola ya shingo, tunasubiri kuitwa. Yeye ameshika faili. Nimemwambia yote, mpaka ya wimbo. Kwanza alilia, halafu akaniuliza kama wasimamizi nao nilikuwa nimewavalisha viatu vya ngozi. Nitawaletea maj

Kiunzi
Samahani, simu imeniponyoka. Nitawaletea majibu.

Fundi Viungo
Mpe yeye simu aandike. Wewe angalia mbele.