Nchi ndogo ikodishe chemchemi zake za maji moto, au iuze maji kwa mita?

Wakuu, naomba tulijadili hili bila ushabiki. Kila nchi ndogo yenye maji moto ikianza kuwaza watalii wa spa, hoja inayotangulia ni ileile: hatuna madini, hatuna viwanda, basi mwekezaji apewe eneo zima la chemchemi kwa mkataba mrefu, ajenge, kodi iingie. Napinga. Utalii siupingi hata kidogo. Ninachokataa ni mtu mmoja kukabidhiwa chemchemi yenyewe. Akodishwe ardhi ya hoteli pembeni, maji auziwe kwa mita kama umeme, na kisima kibaki mali ya umma.

Sababu kubwa iko chini ya ardhi. Maji mengi ya moto ni mvua ya zamani iliyozama, ikapashwa na miamba, ikapanda tena kupitia nyufa. Chemchemi kumi unazoziona zinaweza kuwa midomo kumi ya chungu kimoja. Ukitoboa hapa, kule kunapungua. Rotorua, New Zealand, walijifunza kwa uchungu. Nyumba na hoteli zilijichimbia visima vya kupashia joto, na gisa, zile chemchemi zinazorusha maji juu, zikaanza kudhoofika. Iitwayo Papakura ilinyamaza 1979. Mwaka 1986 serikali ikaamuru visima vyote vilivyo ndani ya kilomita 1.5 kutoka gisa ya Pōhutu vifungwe. Watu walikasirika mno, lakini chungu kikaanza kujaa. Papakura ilirusha maji tena 2015, baada ya miaka 36! Sasa jiulize: serikali iliyokwisha kuuza haki ya visima hivyo kwa mkataba ingepata wapi nguvu ya kuvifunga?

Nimewahi kushika kipande cha bomba kilichokatwa kwenye kisima cha maji moto. Nje kilikuwa kipana kuliko ngumi yangu. Ndani gamba jeupe la chokaa, gumu kama jiwe, lilikuwa limebakiza tundu la kupitisha kidole gumba. Maji yakipanda na mgandamizo ukishuka, gesi hutoka na chokaa hugandia kwenye bomba. Mwenye hoteli akiona maji yamepungua, kusafisha ni gharama na usumbufu, kwa hiyo kishawishi ni kuchimba kisima kingine. Bila mita na bila mkaguzi, hakuna atakayejua.

Wapo wanaonijibu kwa Iceland: mbona Blue Lagoon, lile bwawa kubwa la kuogea maji moto, ni ya kampuni na dunia nzima inaenda? Ni kweli, lakini tazameni ilivyoanza. Yale ni maji yaliyokwisha kutumika katika mtambo wa umeme wa Svartsengi. Watu walianza kuoga humo 1981. Chemchemi ya kijiji haikuzungushiwa ukuta. Tena karibu kila mji mdogo wa nchi hiyo una bwawa lake la umma la maji moto, kiingilio nafuu, ambamo watoto wa shule hujifunza kuogelea. Mtalii na mwenyeji wanaloweka miguu bwawa moja. Hicho ndicho ninachotaka kiigwe. Na Novemba 2023, matetemeko yalipoufanya mji jirani wa Grindavík uhamishwe, Blue Lagoon nayo ilifungwa. Nchi iliyoweka mayai yote katika spa moja kubwa ingekuwa hoi.

Usafi nao usipuuzwe. Mjini Bath, Uingereza, msichana mmoja alifariki 1978 baada ya kuogelea katika maji yenye amiba anayeingia kupitia puani na kushambulia ubongo. Maji ya uvuguvugu yasiyotibiwa ni makazi yake. Kwa hiyo anayepima maji asiwe anayeuza tiketi.

Najua mtasema mwekezaji hatakuja kwa masharti haya. Mkubwa anayetaka kila kitu huenda asije. Wadogo watakuja, kwa sababu wanaponunua maji kwa mita hawalazimiki kugharimia uchimbaji wao wenyewe.

Wanaotetea mkataba wa miaka 99 nawaomba mnijibu hili moja tu: mwaka wa kumi chemchemi ya kijiji cha chini ikikauka, nani ana ruhusa ya kwenda kufunga valvu ya hoteli, na kifungu hicho kimeandikwa ukurasa upi?