Naomba ushauri: tuimbe kwa Kikorea au kwa Kijapani?

Ndugu zangu, ninawafundisha wasichana wanne wimbo wa 2NE1, kundi la wasichana la Korea Kusini, "I Am the Best", uliotoka kwa Kikorea mwaka 2011 na kurekodiwa upya kwa Kijapani mwaka huohuo katika albamu fupi iitwayo Nolza. Ni wimbo wa majigambo mwanzo hadi mwisho, na anayeuimba kwa aibu huuharibu kabisa.

Kinachotukwamisha ni matamshi. Kikorea kina silabi nyingi zinazoishia kwa konsonanti, ambazo hukatika ghafla na kuupa wimbo ukali wake, lakini wanafunzi wangu huzibandika irabu mwishoni pasipo kujua, wakachelewa mdundo, na hatua za miguu nazo zikavurugika. Kijapani, ambacho silabi zake nyingi huishia kwa irabu kama zetu, kinawakaa vizuri mdomoni, ingawa kwa sikio langu makali yamepungua kidogo, hasa kwenye sehemu za kufokafoka za CL, mmoja wa waimbaji wa kundi hilo.

Onyesho letu ni mwezi ujao. Je, tushike Kijapani, au tuchanganye, kiitikio kibaki cha Kikorea? Na mliowahi kufundisha nyimbo za kigeni, mlitanguliza matamshi au mapigo?