Kikundi cha Familia: Mlango wa Gereji kwa Babu

Dada Mkubwa, 18:10
Jamani, mlango wa gereji kwa Babu umegoma tena. Mota inanguruma, mlango haupandi. Jumamosi saa tatu asubuhi nataka watu wanne. Jibuni.

Dada Mkubwa, 18:31
Naona wote mmesoma.

Binamu, 18:40
Ikinguruma, cheni inatembea au imetulia?

Dada Mkubwa, 18:41
Imetulia. Na kuna unga mweupe umedondoka chini ya mota.

Binamu, 18:46
Basi gia ya plastiki mle ndani imesagika meno. Kapasita, kile kifaa kinachoipa mota msukumo wa kuanza, ikifa mota hunguruma vilevile, ila haitoi unga. Lakini gia hailiki bure, kuna kitu kinaielemea. Msinunue chochote kwanza. Pima mlango bila mota: ukiwa umefungwa hadi chini, vuta ile kamba nyekundu inayoutenga mlango na mota, kisha unyanyue kwa mikono. Mlango usio na hitilafu hupanda kwa mkono mmoja, na ukiuachia usawa wa kiuno unakaa hapo. Kamba usiivute mlango ukiwa juu, springi ikiwa mbovu unaporomoka wote.

Kitindamimba, 18:49
Paka wa Babu ameshaarifiwa? 😂

Mama Mdogo, 18:50
😂😂 Huyo akikaa mbele ya senso mlango haufungi mpaka amalize usingizi

Dada Mkubwa, 18:51
Paka baadaye!! Naenda kupima.

Dada Mkubwa, 19:04
Sikuufikisha hata magotini. Na springi ya kushoto, juu ya mlango, ina pengo la kama vidole vitatu.

Binamu, 19:12
Imekatika. Usibonyeze rimoti tena. Uzito wa mlango hubebwa na springi, mota inasukuma tu. Springi za kawaida hutengenezwa kwa mizunguko kama 10,000 ya kufungua na kufunga. Gari likitoka na kurudi mara mbili kwa siku ni mizunguko 4, kwa hiyo miaka saba hivi zimekwisha. Zibadilishwe zote mbili, ya kulia nayo imechoka.

Vipimo vya kununulia: kipenyo cha ndani, urefu, na unene wa waya. Unene usiupime kwa koili moja, utakosea. Pima koili 10 zilizoshikana, gawanya kwa 10. Urefu uchukue kwenye hiyo iliyokatika, jumlisha vipande viwili, kwa sababu ile iliyokazwa imerefuka. Angalia pia upande inakozungukia, ya kushoto na ya kulia hazibadilishani.

Mama Mdogo, 19:20
Haya yalianza siku mtu alipokaza skrubu ya nguvu ya mota. Mwenyewe anajijua.

Mjomba, 19:22
Tumeanza.

Mama Mdogo, 19:23
Nilisema siku ileile, Kaka. Mlango ukiwa mzito hauongezewi nguvu.

Mjomba, 19:24
Na ngazi yangu iko kwa nani tangu harusi?

Binamu, 19:27
Kwa hilo la skrubu Mama Mdogo yuko sahihi, Mjomba. Nguvu ikizidi, mlango haugeuki ukimkuta mtoto. Tukimaliza tuirudishe chini, tulaze ubao wa unene wa sentimita 4 sakafuni, tufunge. Mlango ukigusa ubao lazima urudi juu. Senso nazo zisizidi sentimita 15 kutoka sakafuni.

Kitindamimba, 19:33
Springi nakaza mimi. Nimeona video, bisibisi mbili kubwa zinatosha

Binamu, 19:35
HAPANA. Bisibisi huchomoka kwenye tundu la kukazia springi na kuruka na uso wako. Vinatakiwa vyuma viwili vya duara vinavyojaa tundu sawasawa. Springi ya mlango wa kimo cha mita 2.1 hukazwa mizunguko kama 7 na nusu, yaani robo 30, na kila robo nguvu yote iko mikononi mwako. Ile ya kulia bado imekazwa, inafunguliwa kwanza kwa namna hiyohiyo. Na yale mabano ya chini yanayoshika waya wa kunyanyulia mlango, bolti zake zisiguswe kabisa springi ikiwa na nguvu.

Babu, 20:15
Nimesoma yote. Springi asiiguse mwanangu wala mjukuu wangu. Aitwe fundi wa milango mwenye vyuma vyake. Ninyi shughulikeni na gia na grisi. Habari ya skrubu na ngazi, wale wawili waje wanieleze mimi.

Dada Mkubwa, 20:31
Tumesikia, Babu.

Mjomba, 20:40
Sawa, Mzee.

Dada Mkubwa, 20:44
Basi Jumamosi gia. Binamu, grisi gani?

Binamu, 20:52
Shikamoo Babu. Grisi nyeupe ya lithiamu: bawaba, beringi za magurudumu, na cheni kidogo. Reli zifutwe kwa kitambaa tu, zikipakwa zinashika mchanga. Ila gia isifungwe kabla ya springi mpya. Tukiijaribu na mlango huu mzito, italiwa siku hiyohiyo.

Dada Mkubwa, 20:54
Kwa hiyo fundi aje Ijumaa. Nani anampigia?

Dada Mkubwa, 21:30
Nani anampigia fundi?

Kitindamimba, 22:05
👍

Dada Mkubwa, 22:06
Hilo dole ni utampigia, au umesoma tu?

Mama Mdogo, 23:48
Ngazi nitaileta. Jumamosi ni hii au ijayo?