"C KAZI YAKO"?! Mwalimu wa Kiswahili kampa binti yangu sifuri

Baba Zuhura: Wakuu, nimetoka shuleni sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Yule mwalimu mnamjua, msijifanye. Yule ambaye simu inaingia darasani kwanza, yeye anafuata.

Binti yangu wa kidato cha pili kaandika insha ya safari ya Pangani. Kwa mkono! Umeme ulikatika, kaandika kwa chemli ya bibi yake. Simu hana. Daftari limerudi na sifuri kubwa kama sinia la pilau, chini yake wino mwekundu: "Hii c kazi yako, 2mia akili yako."

C! Mwalimu wa Kiswahili! C!

Nikamfuata. Anasema mtoto wa umri ule hawezi kuandika "ilhali" na "maadamu", lazima kaandikiwa na AI. Eti kaichapa kwenye simu, programu ikathibitisha. Mtoto kalelewa na bibi wa Tanga! Bibi yule akiomba chumvi tu, "ilhali" tatu! Leo Kiswahili fasaha ndiyo ushahidi wa wizi, na hakimu mwenyewe "si" imemshinda. Herufi mbili! Mtoto kalia mpaka kwikwi, ananiuliza, "Baba, niandike vibaya ndiyo waniamini?"

mtu_wa_bara: Pole xana mkuu 😂

Baba Zuhura: Na wewe nitakufuata!

Kwekwe: Vipimo hivyo vya kukamata AI havina maana. OpenAI wenyewe, wenye ChatGPT, walikuwa na chao, Julai 2023 wakakiondoa, usahihi ulikuwa mdogo. Mpelekee hiyo.

Shangazi_T: Tusimwonee. Hizo c na 2 ni zetu. SMS moja herufi 160, ukizidisha unakatwa mara mbili. Mume wangu kanipata kwa "nakupenda xana".

Baba Zuhura: Mumeo hakuandika kwenye daftari la mtoto kwa wino mwekundu! C!

Mzee Kalamu: Msiseme AI. Semeni akili mnemba.

mtu_wa_bara: Akili unde, mzee.

Mzee Kalamu: Mnemba.

Mama_wawili: Wenu angalau anasahihisha. Wetu anatupa maswali kwenye grupu la WhatsApp saa nne usiku, picha imelala ubavu. Jana nimeprinti kurasa kumi na mbili.

Kwekwe: Kurasa wanachaji ngapi?

Mama_wawili: 200. Ya rangi 500.

Kwekwe: 200?! Huku kwetu 100, unaibiwa.

Shangazi_T: Wapi huko 100? Nielekeze.