Saketi iliyobuniwa na programu inakubali kwenye simyuleta tu, nikiiunga inagoma

Wakuu habari zenu, nina wiki 3 nahangaika. Nimeandika programu ya kubuni filta ya kupitisha frikwensi za chini, mwisho 1 kHz, inaanza na saketi 200 za kubahatisha, kila moja inapimwa kwenye SPICE (simyuleta ya saketi), zenye alama nzuri zinazalishana, watoto wanabadilishwa kidogo, basi inaendelea hivyo kizazi kwa kizazi. Kizazi cha 400 grafu ikatoka safi kabisa, nikaunga kwenye bredibodi (ubao wa kuchomekea vifaa bila kulehemu), inapitisha mpaka 5 kHz! Ndani kuna kapasita ya 3 pF na rezista ya ohm 0.02. Nakosea wapi?

fundi_koili: Mkuu bredibodi yenyewe ina pF kadhaa kati ya mstari na mstari, na waya zako zina ukinzani mkubwa kuliko hiyo rezista. Programu imekupa ulichoomba, alama zako ndo zina tundu. Halafu mzigo, yaani rezista ya upande wa kutokea, uliweka?

Mleta uzi: Mzigo sikuweka, kumbe lazima?

fundi_koili: Lazima, na ukinzani wa chanzo pia.

saketi_hai: Mi ningeacha simyuleta nipime kwenye kifaa halisi.

mama_voti: Hapo napo pana mtego ndugu yangu. Adrian Thompson, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, 1996, alikuza saketi kwa njia kama yako ila alipima kwenye chipu yenyewe ya FPGA (chipu ambayo saketi yake ya ndani unaipanga upya), saketi itofautishe 1 kHz na 10 kHz, ikaweza, lakini kuna seli hazikuungwa popote kwenye njia ya mawimbi na akizizima kazi inaharibika, joto likibadilika nalo shida. Ilizoea chipu ile ile. Dawa ni kuisumbua ikiwa bado inakua: thamani ziwe za E12 tu (orodha ya thamani za kawaida za vifaa), kila saketi ipimwe mara 10 huku rezista zikiyumba 5% na kapasita 10%, na uchukue alama MBAYA kuliko zote, usichukue wastani. Koili nazo uzipe ukinzani wake.

Mleta uzi: Nimerudi wakuu, nimefanya yote, mavitu ya ajabu yamepotea, imebaki ngazi ya koili 2 na kapasita 3, nimeunga inakata kwenye 1.1 kHz. Nashukuru sana, nimefurahi mno!

mama_voti: Hongera! Ngazi hiyo ni ya mhandisi George Campbell, hataza (haki ya uvumbuzi) ya 1917, hata programu ya mtafiti John Koza miaka ya 1990, ya kuzalisha saketi kama yako, iliifikia yenyewe bila kuonyeshwa.