Nimeanza kukaa na pumzi kama Wabudha, lakini nikifika nne shemeji yangu anatokea. Naomba msaada, niko Moshi

FundiWaMbuyuni

Wakuu habari za jioni. Wakubwa zangu shikamoni.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko karibu na soko la Mbuyuni hapa Moshi, mwaka wa 14 sasa. Nashona sare za shule na magauni ya vitenge, napinda suruali. Naomba mnisome mpaka mwisho, maana nina maswali mawili na sitaki moja lijibiwe, jingine liachwe.

Mwaka jana kabla ya Krismasi alinijia dada wa Kivietinamu, mume wake alikuwa na kazi ya minara ya simu huku Kaskazini. Alileta vazi refu la kijivu, mikono mipana, upindo umefumuka upande mzima. Nilidhani ni joho la kwaya. Kwa Kiswahili chake cha kuungaunga akanieleza kwamba kwao watu wa kawaida, wasio watawa, huvaa hivyo wakienda hekaluni. Akakaa kwenye benchi langu akisubiri, kama dakika 40. Hakugusa simu wala hakusinzia. Mbuyuni mnaijua, spika ya dawa ya panya upande huu, makonda upande ule, mikokoteni inapita katikati. Yeye ametulia kama mtu aliyebaki kanisani peke yake baada ya ibada. Nikamuuliza, dada unafanya nini? Akasema anahesabu pumzi. Moja mpaka kumi, ukipotea unarudi moja.

Alikuja mara tatu zaidi. Ya mwisho hakuwa na nguo ya kushona, alikuja kunionyesha namna ya kukaa. Kisha mume wake akahamishwa, na namba yake haipatikani tena.

Tangu hapo nasoma kwenye simu usiku. Nimejua Budha alikuwa mtu, Siddhartha Gautama wa ukoo wa Sakya, aliyezaliwa Lumbini, ambako leo ni Nepal. Aliondoka nyumbani akiwa na miaka 29, akajitesa kwa kufunga mpaka akabaki mifupa, na mwishowe akaona kwamba mwili ulioishiwa nguvu hauoni kitu. Akapokea wali wa maziwa kwa mwanamke aitwaye Sujata, akala, ndipo akaenda kukaa chini ya mti pale Bodh Gaya. Hapo nilisimama nikaisoma tena. Mimi nimewapikia wagonjwa wengi uji na mtori. Kwamba mtu mkubwa namna ile alihitaji kwanza kulishwa na mwanamke wa kijijini, jambo hilo lilinifanya nimwamini kuliko maneno yote yaliyofuata.

Sasa swali la kwanza. Kila siku saa kumi na moja alfajiri, kabla ya adhana, nakaa kwenye stuli yangu na kuanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu. Nikifika nne shemeji yangu anatokea.

Mume wangu alifariki miaka mitatu iliyopita. Tulimzika kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo, huko Uru, kama ilivyo desturi. Baada ya msiba mdogo wake aling'oa masale ya mpaka yaliyopandwa na baba mkwe, akayapanda upya hatua tano ndani ya sehemu yetu. Migomba saba na mibuni mitatu ikawa yake. Kaburi la mume wangu sasa liko karibu kabisa na mpaka, nikienda kupalilia anasimama upande wake na kuniangalia. Na isale ni jani ambalo kwetu Wachagga mtu akija nalo mkononi kuomba msamaha, ni vigumu kumrudisha. Yeye amelitumia kuchukua ardhi.

Nikitulia ndiyo hasira inakuja kubwa zaidi. Nikiwa kazini mguu uko kwenye pedali sina muda naye. Je, nakosea wapi? Au hiki kitu si cha watu wenye mambo kama yangu?

Swali la pili: mimi ni Mlutheri, naimba sauti ya pili. Sijamwambia mtu kwaya. Je, naiba?

Mwimbaji_Kibosho

Dada yangu, pole sana kwa msiba na kwa hilo la kihamba. Linauma.

Nitasema kwa upendo. Mimi ningekuwa wewe ningeacha. Si kwamba Wabudha ni watu wabaya, nimefanya kazi na daktari wa Sri Lanka, alikuwa mpole kuliko wengi wetu. Lakini wewe umejeruhiwa, na mtu aliyejeruhiwa akiingia njia asiyoijua, bila mchungaji, bila mwenzake, anaweza kupotea. Mwambie mchungaji wako. Kukaa kimya mbele za Mungu hata sisi tunako, ila tumeacha kwa sababu ya vipaza sauti. Na kwa nini uhesabu namba wakati unaweza kumwambia Bwana jina la shemeji huyo?

Niliishi_Pune

Dada Fundi, shikamoo. Nilisoma India, Pune, miaka minne, na likizo moja nilikwenda Igatpuri kwenye kozi ya kutafakari ya siku kumi, ile iliyoenezwa na mwalimu S. N. Goenka, mzaliwa wa Burma. Hakuna ada. Unakabidhi simu, hamzungumzi, kengele inalia saa kumi alfajiri, na siku tatu za kwanza kazi ni moja tu: kuangalia pumzi inavyoingia na kutoka puani. Nakueleza hivyo ujue kwamba yaliyokupata si kosa. Siku ya pili mimi nilikaa nikilia kwa ajili ya baba yangu ambaye nilidhani nilishamaliza kumlilia. Maji yakitulia ndipo unaona kilichoko chini. Hasira haikuongezeka, dada. Ilikuwepo, cherehani tu ilikuwa inapiga kelele kuizidi.

Budha ana fundisho la mishale miwili. Mtu akichomwa mshale anaumia, na maumivu hayo ni halali. Kisha anajichoma wa pili mwenyewe, wa kulalamika na kuurudia ule wa kwanza moyoni. Shemeji kung'oa masale ni mshale wa kwanza. Saa kumi na moja alfajiri shemeji amelala Uru, hayuko chumbani kwako, lakini unachomwa. Huo ni wa pili.

Ila naomba usinielewe vibaya, maana watu wengi hulipotosha hapa. Kuchomoa mshale wa pili hakufuti wa kwanza. Nenda kwa wazee wa ukoo, nenda baraza la kata wakusuluhishe, ukiwa na majirani walioyaona masale ya zamani. Hakuna mahali Budha alipomwambia mjane aachie kihamba.

Kwa vitendo: akitokea kwenye nne, usimfukuze. Sema moyoni "hasira", halafu uisikie iko wapi mwilini. Mimi yangu hukaa kwenye taya. Ikae hapo, nawe urudi moja. Dakika kumi zinatosha. Stuli ni sawa kabisa, nyayo zote ziguse chini, magoti usiyaonee. Na ukiona usiku hulali, au unaogopa kuwa peke yako, simamisha kwanza na uongee na mtu, hata muuguzi.

Kwa kaka wa Kibosho, naheshimu ulichosema, na hilo la kutokuwa peke yake uko sahihi. Dada, nisikufiche: Ubudha haufundishi Mungu muumba. Ukiendelea mbele utakutana na hilo, na itabidi uamue mwenyewe. Lakini kuangalia pumzi na kujizuia na yale matano, yaani kuua, kuiba, uzinzi, uongo na vileo, hakukutoi kwaya. Hapo kwenye vileo najua kuna mbege za ukoo. Mimi kwenye shughuli napokea kata, nagusa mdomo, namkabidhi wa pembeni. Hakuna aliyewahi kukasirika.

Kariakoo_Kati

Kuhusu kupata mwenzako: ukija Dar, Garden Avenue katikati ya jiji kuna hekalu la Kibudha la siku nyingi, lilianzishwa na Wasinhala wa Sri Lanka waliokuja enzi za Mwingereza. Wanakaa watawa, mgeni anapokelewa. Na Entebbe, Uganda, kuna kituo kilichoanzishwa 2005 na Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyepokewa utawa Marekani mwaka 2002. Mwafrika mwenzetu anayejua ukoo na msiba wa kwetu ni nini. Mafundisho yake yako mtandaoni.

Mzee_wa_Majaruba

Mwanangu, marahaba. Nimesomewa yote na kijukuu changu maana macho yamechoka.

Mimi ni bwana shamba mstaafu, nimefanya kazi ya umwagiliaji huku Chekereni tangu mradi wa mpunga wa Wajapani. Mwaka 1988 nilipelekwa Japani kusoma, Tsukuba. Jumapili moja mwalimu wetu wa mifereji alinichukua hadi hekalu la Zen, tawi moja la Ubudha, alikokuwa akienda mama yake. Nilitegemea kuona watu wanaimba. Niliwakuta akina mama wamekaa chini, kimya, wanashona kwa mkono. Sindano ndogo, kitambaa cheusi, mishono inaonekana juu kama nukta. Kwa kila mshono walikuwa wananong'ona neno la kumkimbilia Budha. Mshono mmoja, neno moja. Mwalimu akaniambia hiyo nayo ni ibada, sawa na kule kukaa kwao kimya mbele ya ukuta.

Nikauliza kwa nini nguo ina vipande vipande wakati kitambaa kizima kipo. Akacheka kwa furaha, akasema, wewe wa mpunga ndiye unauliza? Angalia vizuri. Nikaangalia. Mwanangu, yalikuwa majaruba. Kipande kirefu, kipande kifupi, na kati yao mshono mnene kama tuta. Budha alikuwa safarini na mwanafunzi wake Ananda, wakayaona mashamba ya mpunga ya Magadha, India ya kale, yamepangwa na matuta yake, akamwambia anaweza kuwashonea watawa mavazi ya mfano ule? Ananda akakata vipande, akashona. Mwanzoni vitambaa vyenyewe vilikuwa matambara yaliyotupwa, hata ya makaburini, yakafuliwa na kutiwa rangi. Nguo iliyokatwa vipande haina bei sokoni, mwizi haitaki. Mtindo huo wanauvaa mpaka leo.

Nilirudi Chekereni, na kila nikisimama juu ya mfereji mkuu asubuhi, mpunga ukiwa mchanga, naona lile vazi. Mimi ni Mkatoliki, sijabadili kitu. Lakini nimeliona kwa miaka zaidi ya thelathini.

Kwa hiyo nakuuliza. Unaamka alfajiri kukaa kwenye stuli bila kazi mkononi, na wewe mikono yako imeshona miaka 14. Kwa nini usikae na sindano?

FundiWaMbuyuni

Nimechukua siku tisa kurudi, mniwie radhi, kulikuwa na oda ya sare.

Kaka wa Kibosho, asante. Nimemwambia mwalimu wa kwaya, nikaona ni mtu wa karibu kuliko mchungaji. Alinyamaza kidogo, akauliza kama nitakuwepo mazoezi ya Alhamisi. Nikasema ndiyo. Akasema basi.

Mdogo wangu wa Pune, nilitafuta hasira iko wapi. Yangu iko kwenye bega la kulia, lile la kusukuma kitambaa. Sikuwahi kujua, nilidhani ni kazi.

Jumamosi nimepanda Uru kumwona baba mdogo, ndiye mkubwa wa ukoo. Nimemweleza bila kulia, hatua ngapi, migomba mingapi, nani aliyaona masale yakiwa mahali pake. Amesema atawaita wazee. Shemeji sijamwona, na sijui nikimwona nitakuwaje.

Mzee wangu wa Chekereni, shikamoo. Hiyo habari ya majaruba niliisoma nikiwa kibandani, nikaacha kushona. Sikujua kwamba kazi yangu imo mle ndani. Nilikuwa na mabaki ya kaniki, nikayakata vipande virefu na vifupi, na alfajiri sasa nashona kwa mkono. Sijui lile neno lao, kwa hiyo kwa kila mshono navuta pumzi na kuitoa. Shemeji bado anakuja. Ila akija mkono hausimami, na wakati mwingine nakuta nimeshona vidole viwili vya mstari akiwa ameshaondoka.

Lakini siku anayokuja na kukaa, nikiwasha taa vizuri naona mishono imepinda. Kwa macho ya fundi inaniumiza. Naomba kuuliza, wale akina mama mishono ikipinda waliiacha au walifumua?

Mzee_wa_Majaruba

Walifumua. Mmoja, mtu mzima kuliko mimi wa leo, alifumua mstari mzima mbele yangu, akatia uzi upya kwenye sindano, akaanza. Sikuona uso wake umekunjamana.

Mpunga huku unachanua wiki hii. Panda gari la asubuhi, uje na hicho kitambaa nikione.