Naomba ushauri: kumbukumbu za umahiri kwa mhandisi wa ishara za reli anayebadilisha kazi na mwajiri

MsomaMichoro (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam. Nina leseni ya kujaribu mitambo ya ishara za reli, yaani kuthibitisha, kabla njia haijafunguliwa kwa treni, kwamba waya, relei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme), mashine za pointi (zinazosogeza reli ili treni ibadilishe njia) na taa vinafanya kazi kama mchoro ulioidhinishwa unavyotaka. Kumbukumbu zangu za umahiri zimekuwa zikitunzwa ndani ya mfumo wa kompyuta wa mwajiri: zamu ikiisha najaza fomu, msimamizi anaidhinisha, basi.

Sasa mambo mawili yamekutana. Nimehamishiwa ofisini kuhakiki michoro inayochorwa na wengine, kwa hiyo kazi ya majaribio ya uwanjani naipata mara chache. Pia mkataba wangu unakaribia kwisha na ninahamia kampuni nyingine, huku leseni ikihitaji kuhuishwa muda si mrefu baada ya kuhama. Nilipofungua fomu za nyuma ili kuona nitaondoka na nini, nimekuta nyingi zina mstari mmoja tu, kwa mfano: “Majaribio ya pointi, zamu ya usiku, kazi imekamilika.” Ndivyo fomu ilivyotengenezwa, nafasi ya kuandika zaidi haipo.

Naomba wenye uzoefu wanisaidie. Je, kumbukumbu za namna hii zina uzito wowote mbele ya mtathmini? Kazi ya kuhakiki michoro inaweza kuhesabiwa kwenye leseni ya majaribio? Na msimamizi aliyeidhinisha sehemu kubwa ya kazi zangu amestaafu. Ikihitajika kuthibitishwa, nani atathibitisha?

Kifunguo_Tisa

Ndugu mleta uzi, nimekuwa mtathmini wa leseni za aina hii kwa muda, kwa hiyo nitakueleza jinsi daftari linavyosomwa upande wa pili wa meza.

Mstari mmoja kama huo unathibitisha kwamba ulikuwepo. Haunielezi kama ulijua unachokifanya. Kuhudhuria na kuwa mahiri ni vitu viwili, na leseni inatolewa kwa hicho cha pili. Ninaposoma kumbukumbu natafuta mambo machache: mtambo ulikuwa wa aina gani, wewe ulikuwa na dhamana gani katika kazi hiyo (kushika kifaa cha kupimia na kuongoza majaribio yote ni dhamana mbili tofauti), ulifanya kazi kwa kufuata mchoro upi na toleo lipi, ulikuta nini, na uliamua nini. Hilo la mwisho ndilo ninalolisoma mara mbili.

Chukua hizo hizo pointi za zamu ya usiku. Kumbukumbu ambayo ningeikubali bila maswali mengi ingesomeka hivi: “Nilikuwa mjaribu mkuu wa mashine moja ya pointi iliyobadilishwa. Nilihesabu waya katika kila tamino (sehemu waya inapofungwa) na kulinganisha na toleo la mchoro lililoidhinishwa kwa kazi hiyo. Tamino moja ilikuwa na waya mbili ilhali mchoro ulionyesha moja. Nilisimamisha majaribio, nikafuatilia waya ya ziada hadi mwisho wake wa pili, nikabaini kuwa ni mabaki ya saketi ya zamani, nikaiandikia taarifa ya kasoro na kusubiri iondolewe pande zote mbili na mtu wa ufungaji, si mimi. Baada ya hapo nilirudia kuhesabu, nikapima ukinzani wa kihami, kisha nikajaribu kufunga pointi kwa kuweka kipande cha kupimia kati ya ulimi (reli inayosogea) na reli ya pembeni: kwa kipande kinene pointi zilikataa kufunga, kwa kile chembamba zilifunga.” Hapo sina haja ya kuuliza kama unafahamu tofauti ya mjaribu na mfungaji, kwa maana umeionyesha kwa kutoigusa waya ile.

Angalia pia kwamba kumbukumbu hiyo ina kasoro ndani yake. Daftari ambalo kila zamu mambo yalikwenda vizuri hunifanya niulize maswali mengi zaidi kuliko lile lenye majaribio yaliyogoma. Mitambo ya ishara haina tabia ya kukubali yote mara ya kwanza.

Kuhusu kuhakiki michoro: ni umahiri mwingine, na kwa kawaida una kundi lake la leseni. Usiuingize kwenye majaribio kwa nguvu. Unaweza kuutaja kama uthibitisho wa kwamba unaielewa kanuni ya kufungamanisha pointi na ishara, lakini hauchukui nafasi ya mikono iliyoshika kifaa cha kupimia.

Relei_ya_Akiba

Naunga mkono hapo juu, ila naomba tusimtishe. Mtathmini hahitaji kila zamu iandikwe kama riwaya. Kazi za kawaida ziwekwe kwa kifupi, na zile chache zenye uzito ndizo zipewe maelezo marefu. Kinachotakiwa ni upana: saketi za reli na vihesabio vya ekseli (vyote hutambua kama treni ipo njiani), pointi, taa, makutano ya reli na barabara, kwa kadiri leseni yako inavyotaja. Kazi ileile iliyorudiwa mara nyingi inajaza kurasa tu.

Njia_Huru

Ningependa kuongeza kwa nini jambo hili linachukuliwa kwa uzito kiasi hiki, kwa sababu wahandisi vijana wengi huliona kama karatasi za kuwaridhisha wakubwa.

Tarehe 12 Desemba 1988, karibu na stesheni ya Clapham Junction jijini London, treni ya abiria iligonga kwa nyuma treni iliyokuwa imesimama, na watu 35 walipoteza maisha. Ishara iliyopaswa kuonyesha hatari haikuonyesha. Chanzo kilikuwa waya ya zamani ambayo, wakati wa kubadilisha mtambo, ilichomolewa upande wa relei lakini haikukatwa wala kufungwa vizuri, na upande wa fyuzi ikaachwa imeunganishwa. Baadaye, kazi nyingine ilipofanyika jirani, waya hiyo ikasogea ikagusa tamino yake ya zamani na kuendelea kuipa relei umeme ambao haikustahili kuupata. Hesabu ya waya ambayo ingeigundua haikufanyika.

Uchunguzi ulioongozwa na Anthony Hidden ulitoa ripoti mwaka 1989 ikiwa na mapendekezo 93. Kwangu mimi, sehemu inayomhusu mleta uzi ni hii: fundi aliyefanya kazi ile hakuwa mgeni. Alikuwa na uzoefu wa miaka mingi, na namna yake mbovu ya kuziacha waya za zamani ilikuwa mazoea ambayo hakuna aliyewahi kumkosoa. Miaka ilikuwa imehesabiwa, umahiri haukuwa umepimwa. Mfumo wa leseni wa IRSE, taasisi ya wahandisi wa ishara za reli, ambao wengi wetu tunaufahamu, ulikuja baada ya ajali hiyo.

Na wala tusiseme ni mambo ya kale. Agosti 2017, katika stesheni ya Waterloo, treni ya abiria iliyokuwa ikiondoka iliongozwa na pointi zisizokaa sawa hadi ikagonga treni ya kazi iliyokuwa imeegeshwa jirani. Waya za muda zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya majaribio bila kufuata utaratibu wa usanifu na uhakiki, na mfumo haukuweza tena kutambua kuwa pointi hazijakaa mahali pake. Wachunguzi walionya waziwazi kwamba mafunzo ya Clapham yalikuwa yakisahaulika.

Kwa hiyo mtathmini akikuuliza ulifanya nini ulipokuta waya ya pili kwenye tamino, ujue swali hilo lina historia.

MsomaMichoro

Nashukuru sana, wakuu. Swali linalofuata. Ninazo ratiba za zamu, nakala za vyeti vya majaribio vyenye sahihi yangu, na daftari dogo la mfukoni ambamo nilikuwa naandika vipimo uwanjani. Je, ni halali kukaa sasa na kuandika maelezo marefu ya kazi za nyuma, au itaonekana ninatengeneza ushahidi?

Relei_ya_Akiba

Ni halali kabisa. Kazi uliifanya, vyeti vipo. Andika.

Kifunguo_Tisa

Ni halali kwa sharti moja: kila maelezo yawe na tarehe mbili, tarehe ya kazi na tarehe uliyoyaandika, na yataje chanzo chake, kwa mfano cheti namba fulani au ukurasa fulani wa daftari la mfukoni. Usiirudishe nyuma tarehe ya kuandika, hata kwa siku moja. Nimewahi kukubali maelezo yaliyoandikwa muda mrefu baada ya kazi kwa sababu mwandishi alisema hivyo waziwazi na vipimo vyake vililingana na cheti. Na nimewahi kukataa daftari safi lenye wino wa aina moja na mwandiko usiochoka kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Pia, usiandike usichokikumbuka. Kama daftari la mfukoni lina kipimo lakini hukumbuki kwa nini uliamua kurudia jaribio, acha kipimo kisimame peke yake. Kwenye mahojiano nitachagua kumbukumbu moja na kukuuliza kwa kina, na mtu aliyebuni sababu hujulikana kwenye swali la tatu.

Kuhusu msimamizi aliyestaafu: kustaafu hakufuti sahihi yake. Kinachotakiwa ni ijulikane alikuwa nani kikazi, alikuwa na leseni gani wakati anathibitisha, na kama alikushuhudia au alisoma fomu tu. Ikiwezekana mtafute sasa, kabla hujahama, asome maelezo machache ya zile kazi nzito na kutia sahihi kwa tarehe ya leo. Asipopatikana, mjaribu mwingine mwenye leseni aliyekuwepo kwenye zamu hiyo anatosha. Usimwombe mtu ambaye hakuwepo.

Fyuzi_Mpya

Jambo moja ambalo halijaguswa: unapohama, usiondoke na michoro. Nimeona wenzetu wakibeba nakala nzima za michoro ya waya kwa nia njema ya kuthibitisha kazi zao, na hiyo ni mali ya mwenye reli na ni suala la usalama. Katika kumbukumbu zako andika namba ya mchoro na toleo lake, si mchoro wenyewe. Majina ya abiria, wenzako waliohusika na tukio, au chochote kilicho chini ya uchunguzi, acha. Vyeti vya majaribio omba kwa maandishi, na uombe mwajiri akupe muhtasari wa kumbukumbu zako kutoka kwenye mfumo wao ukiwa na sahihi ya mtu wa rasilimali watu au mkuu wa uhandisi. Fanya hivyo ukiwa bado na nywila ya kuingilia, maana siku ya mwisho ya kazi inafungwa mchana huohuo.

Tangu hapo tunza nakala yako binafsi. Mfumo wa mwajiri ni wa mwajiri.

MsomaMichoro

Nimeelewa. La mwisho: kampuni ninayohamia imeniambia nitafanya majaribio tena, lakini nimekaa ofisini kwa kipindi. Nijitangaze kwamba nina leseni hai na kuendelea, au?

Kifunguo_Tisa

Leseni ikiwa hai inasema uliwahi kupimwa na kukubaliwa. Mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kukuruhusu kazi fulani leo, na hawezi kufanya hivyo vizuri kama hajui pengo lako. Mweleze kwa maandishi ni lini mara ya mwisho ulijaribu kila aina ya mtambo, na omba zamu za kwanza ufanye chini ya mjaribu mwingine hadi nyote wawili mridhike. Zamu hizo ziandike kama zilivyo, “chini ya usimamizi”, pamoja na jina, cheo na leseni ya msimamizi. Kama kuna aina ya mtambo ambayo hujaigusa kabisa tangu ulipopewa leseni, iombe iondolewe kwenye wigo wako wakati wa kuhuisha. Kuirudisha baadaye kunawezekana, na inakuwa rahisi zaidi kuliko kuulizwa kuihusu ukiwa huna cha kujibu.